Panam ya Murugan na Tundu la Hamsini

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya kuchoma vitu vikuukuu. Pudukkottai yote inanuka mikeka iliyoungua. Amma, mama yangu, aliniamuru nishushe vitu vyote vya rafu ya sala nivipanguse, kwa kuwa yeye magoti hayamruhusu kupanda kigoda, na mimi, kwa maneno yake, sina kazi. Nina kazi! Nina duka la fotokopi na madaftari karibu na stendi. Limefungwa kwa sikukuu tu.

Nyuma ya picha ya mungu wetu Murugan nikakuta fundo. Fundo la kitambaa kilichochovywa manjano, dogo kama ncha ya kidole gumba. Nalijua. Ni nadhiri ya Amma. Alilifunga miaka ishirini na miwili iliyopita, na kila mwaka, Ijumaa ya pili ya mwezi wetu wa Thai, unaoanza kesho, hulivua kitambaa cha zamani na kulivisha kipya chenye manjano mabichi. Siku nadhiri itakapojibiwa, sarafu iliyomo itapelekwa kwa Murugan juu ya mlima wa Palani, itumbukizwe katika sanduku lake. Nadhiri ya nini, hajamwambia mtu. Nadhani ni mvua.

Sikukusudia kulifungua. Lilikuwa limelegea. Nikalilegeza zaidi.

Murugan wangu! Panam! Panam ya dhahabu, ya wale wafalme wa zamani wa upande wa Kerala, duara kama mbaazi iliyokobolewa, nyepesi hata kiganja hakiisikii. Nikapiga chafya mara tatu. Manjano yamenichukia tangu utotoni.

Miaka kumi na minane nimo katika chama cha wakusanya sarafu cha mji huu na sijawahi kumiliki dhahabu. Nina kasu za shaba mia tatu na arobaini, zile senti ndogo za mfalme wetu wenyewe, mungu mke ameketi upande mmoja. Zote zinafanana. Mwenyekiti wetu Masilamani, mkaguzi mstaafu wa mizani, husema hata panya wa Pudukkottai wanazo. Yeye ana panam za dhahabu arobaini na tisa, na ubao wa kuhesabia wenye matundu hamsini. Makarani wa zamani hawakuhesabu vitu vidogo hivi kwa vidole. Walimwaga konzi juu ya ubao, wakautikisa, kila tundu likameza moja, zilizozidi zikafagiliwa. Ubao ukijaa ni hamsini. Kwa ubao huo ametwaa kikombe cha maonyesho miaka mitatu mfululizo.

Maonyesho ni Jumapili. Ijumaa ya kubadilisha kitambaa ni tarehe 24. Zipo siku tano katikati. Siibi, naazima. Murugan ana sarafu nyingi na hana maonyesho Jumapili.

Fundo tupu lingenisaliti, kwa hiyo nimekata kifungo cha ukosi wa shati langu jeupe nikakifunga humo. Ukubwa karibu ule ule. Nimelirudisha nyuma ya picha. Hakuna aliyeona. Nimepumua.

Jumanne, 14 Januari

Sikukuu ya mavuno. Chungu cha wali mtamu kilifurika vizuri, sote tukapiga kelele za furaha, mimi zaidi ya wote, maana nilitaka kuonekana mtu asiye na siri.

Baadaye Amma akaniagiza nimshushie fundo. Roho ikanitoka. Aliligusisha macho yake, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto, kama afanyavyo kila mwaka. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalibonyeza tena. Akanitazama usoni, halafu shingoni.

Nikamwuliza kama yupo sawa. Akasema yupo sawa sana, akala ndizi.

Hajui kitu! Mtu wa miaka sabini na moja, vidole vimeshakufa ganzi. Jasho lilikuwa limenilowesha hadi mgongoni. Nimeoga na kulala usingizi mzito wa mchana.

Alhamisi, 16 Januari

Nilitafuta mahali pa kuificha. Kabati linafunguliwa na mke wangu Sivagami. Droo ya duka inafunguliwa na kila mtu. Ndipo akili yangu ikanipa jambo ambalo Masilamani asingelifikiri kwa miaka mia: sarafu ya ukubwa wa mbaazi, rangi ya mbaazi, mahali pake ni ndani ya mtungi wa mbaazi! Nikaitumbukiza jana asubuhi. Nilijisifu siku nzima.

Leo shemeji zangu watano wamekuja kula. Sivagami amepika sambar, mchuzi wetu wa mbaazi.

Niliingia jikoni na kukuta sufuria kubwa inachemka na mtungi umeteremka hadi nusu. Nikamwuliza kama amezipepeta. Akasema, “Baba Kayal, tangu lini unauliza habari za mbaazi?” Nikamwambia daktari ameniagiza nile mbaazi kwa wingi, kwa ajili ya moyo. Akauliza daktari gani. Nikamwambia wa moyo.

Nilijipakulia mimi kwanza. Sahani ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilitafuna polepole nikisikiliza meno. Shemeji mkubwa akasema hajawahi kumwona mtu anakula sambar kama anasoma mkataba. Sahani ya nne nilimnyang’anya mtoto wa shemeji, nikamwambia ina mwiba. Sambar haina mwiba. Wote wakanikodolea macho. Amma peke yake alikuwa anacheka ndani ya ukingo wa sari yake, sijui cha nini.

Walipoondoka nikamwaga mtungi juu ya gazeti. Ilikuwa chini kabisa! Dhahabu ni nzito, ilizama, na Sivagami huchota juu. Nilikaa sakafuni nikaibusu. Tumbo limejaa kama ngoma lakini moyo umetulia. Sasa ipo ndani ya soksi.

Jumamosi, 18 Januari

Masilamani alikuja dukani kwangu kutoa nakala za vibandiko vyake vya maonyesho. Kwangu mimi! Nikazitoa, nikizisoma. “Panam za dhahabu, arobaini na tisa. Tundu la hamsini linamsubiri mwenyewe.” Ana majivuno hata kwenye tundu.

Akaegemea kaunta. “Haya Kathiresan, mwaka huu unatuletea sufuria ngapi za shaba?”

Nikasema mwaka huu nitaleta kitu kimoja tu, kidogo. Akasema kidogo ndiyo desturi yangu. Nikamtoza nakala moja zaidi.

Nakala iliyotoka na doa sikuitupa, karatasi ikiwa na mgongo mweupe ni karatasi bado. Nyuma yake nimeandika hotuba yangu ya ushindi. Ni fupi na ya unyenyekevu. Nimeisoma mara sita mbele ya kioo.

Jumapili, 19 Januari

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Amma aliniweka sawa ukosi mlangoni, akauliza kifungo kimekwenda wapi. Nikasema dobi. Akasema dobi huyo ana dhambi kubwa. Nikamkubalia.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa harusi nyuma ya soko la mboga. Meza yangu na ya Masilamani zimepakana. Niliweka panam yangu peke yake juu ya kitambaa cheusi, bila kuisafisha, maana kanuni ya chama inakataza kusafisha sarafu. Watu wakaja! Watu walisimama mezani kwangu! Msimamizi wa mashindano, Mwalimu Visalakshi, aliyefundisha nusu ya mji huu historia na ambaye hajawahi kuonekana bila kikopo chake cha tambuu, aliinama akaitazama muda mrefu. Akasema inapendeza. Masilamani alikuwa anatazama kwa pembe ya jicho. Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu, harusi yangu ikiwemo.

Mwalimu akaniomba niinyanyue auone upande wa pili. Nikaibana kwa kikoleo, nikaisogeza karibu na uso wangu nimwonyeshe nukta zilizopigwa upande huo. Nikavuta pumzi.

Manjano.

Ilikuwa chafya ya kizazi kizima. Nilipofumbua macho kikoleo kilikuwa mkononi na sarafu haipo.

Watu arobaini walipiga magoti. Tulitafuta chini ya viti, ndani ya viatu mlangoni, ndani ya shada la mlango, ndani ya nywele za mke wa mweka hazina. Mtu mmoja alipendekeza nipige chafya tena tuone inaelekea wapi. Mimi nilikuwa natambaa huku namwona Amma, Ijumaa, bakuli la manjano mkononi, akifungua fundo na kukuta kifungo. Sikulia. Macho yalikuwa yanawasha tu.

Wakati huo Masilamani alikuwa amebaki na mgeni mmoja kutoka Madurai, anamwonyesha ubao unavyofanya kazi. Nikamsikia anautikisa. Chaka-chaka-chaka. Halafu mgeni akasema, “Mbona umejaa?”

Nikainuka na kugonga kichwa kwenye meza. Matundu hamsini. Panam hamsini. Hakuna tundu lililo wazi!

Masilamani alikuwa ameshika kifua. Akasema Murugan mwenyewe amelijaza, baada ya miaka kumi na mitano! Nikapiga kelele kwamba aliyelijaza ni pua yangu. Akasema nani ana ushahidi. Nikatoa mfukoni ile nakala yenye doa nikaiinua juu: arobaini na tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe! Akaichukua, akaigeuza, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ukumbi wote usikie: “Ndugu wanachama, sikutarajia ushindi huu, na namsamehe Bwana Masilamani kwa maneno yake yote.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Lakini ni mtu wa mizani, hilo siwezi kumnyima. Alipomaliza kucheka alifuta miwani akasema amekagua vipimo vya watu miaka thelathini na miwili na hatakula sarafu ya mtu uzeeni. Moja si yake. “Haya chagua, yako ni ipi?”

Na hapa naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilitazama zile hamsini. Yangu ilikuwa imechakaa kidogo ukingoni. Na mstari wa tatu kulikuwa na moja nene, nukta zake zote kamili, inang’aa kama jicho la kuku. Nikafikiri: Murugan naye hastahili kitu bora? Nikaigusa kwa kidole. Nikasema ndiyo hii, ningeitambua hata gizani.

Mwalimu Visalakshi akauliza naitambua kwa nini. Nikasema kwa harufu, maana imekaa kwenye manjano tangu... Nikafunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Mwalimu alifungua kikopo chake cha tambuu, akachovya kidole kwenye chokaa, akaanza kuipaka panam ya kwanza. Kila mtu pale alijua anafanya nini. Hakuna harusi hapa isiyozungushiwa sinia la maji ya manjano na chokaa, mekundu kama damu, ya kuondolea kijicho. Chokaa ikikutana na manjano haiwezi kunyamaza.

Aliifikia ile nene yangu. Chokaa ikabaki nyeupe. Nikasema labda ya leo si chokaa nzuri. Masilamani alinitazama tu. Ya ishirini, nyeupe. Ya thelathini, nyeupe. Ya thelathini na moja, mahali pa zile nukta, ikaanza kuwa nyekundu.

Yangu! Ya Amma! Ile iliyochakaa ukingoni! Nilimshika Mwalimu miguu yote miwili. Nilimshika na Masilamani. Sijawahi kupenda kitu kidogo hivyo kwa moyo wangu wote.

Kisha Mwalimu akakifuta kidole chake akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyonifukuzia darasani mwaka wa nane, sarafu ya kwenye manjano ni nadhiri ya nani. Nikasema ya Amma. Akauliza Amma anajua. Nikasema Amma ana magoti mabovu. Nyuma mtu akasema, “Jamani, huyu kamkopa Murugan!”

Sarafu ya nadhiri haishindanishwi. Kikombe kimekwenda kwa Masilamani mwaka wa nne. Lakini nimerudi nyumbani na sarafu, nimeisugua kwa ndimu wekundu ukarudi manjano, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwepo ukumbini. Nimepona! Kesho Amma akienda hekaluni naibadilisha, mambo yamekwisha.

Jumatatu, 20 Januari

Amma alikaa mbele ya rafu tangu alfajiri akichambua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja. Saa nne bado anachambua. Saa tano bado. Saa sita kasoro akajinyoosha, akasema anakwenda hekaluni, akaondoka polepole sana, mkono ukutani.

Nikapanda kigoda. Nikalichukua fundo. Nikalifungua.

Tupu! Kifungo hakimo!

Nilitafuta nyuma ya picha, ndani ya taa, chini ya majivu matakatifu. Kisha kwa dirisha nikaona kamba ya nguo uani. Shati langu jeupe limefuliwa na kuanikwa. Ukosi wake una kifungo. Kimeshonwa kwa uzi wa manjano.

Nilikuwa bado juu ya kigoda, nikitazama shati.

“Shuka kabla hujavunja na hicho,” Amma akasema. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa mlangoni.

Alisema alijua tangu Jumanne. Sarafu haina matundu manne, alisema, na vidole vyake havijafa ganzi. Alingoja aone nitairudisha kabla au baada ya kujiangamiza kwa mbaazi. Habari za ukumbini alizipata jana kabla mimi sijafika nyumbani, kwa watu watatu tofauti, na mmoja alimwigizia chafya.

Akanyoosha mkono. Nikampa. Aliinusa, akasema nimeipaka ndimu, akaifunga tena kimya kimya, na mimi nikasikia aibu ambayo sikuisikia mbele ya watu arobaini. Nikamwuliza ni nadhiri ya nini, Amma, kama si mvua.

Akacheka kidogo. Akanikumbusha mwaka ule nilipouza baiskeli ya marehemu baba nikanunua kwa mtu wa stendi kilo nzima ya dhahabu ya wafalme wa kale wa Vijayanagara, ikawa vifungo vya makoti ya bendi ya harusi. Wiki ile ile alichukua panam aliyoachiwa na mama yake, kitu pekee cha mama yake alichokuwa nacho, akamwahidi Murugan: siku utakapompa mwanangu akili, nitapanda ngazi zako zote kwa miguu yangu mwenyewe nikuletee hii.

“Ishirini na miwili, mwanangu. Ile sarafu imesubiri. Wewe hujabadilika. Magoti yangu ndiyo hayakusubiri.”

Nililia. Naandika waziwazi, nililia kama mtoto, kichwa mapajani mwake, naye akanisugua kisogo kwa mkono unaonuka manjano mpaka nikapiga chafya. Nilimwahidi kwamba nimekoma. Nilimwahidi kabla ya mwaka kwisha tutazipanda zile ngazi, mimi nikimshika mkono. Akasema haya. Akaniuliza kama nimekula.

Usiku huu ni mwepesi. Hakuna cha kuficha, hakuna kilichopotea. Nilikuwa nimesahau raha ya kulala bila soksi ya kulinda.

Ijumaa, 24 Januari

Amma amebadilisha kitambaa. Mimi nilimshikia bakuli. Panam iliingia mbele ya macho yangu, salama salimini, fundo likarudi nyuma ya picha. Nilikuwa na furaha ya kweli.

Jioni Masilamani alipita dukani kutoa nakala ya picha yake akiwa na kikombe. Tumepatana. Hata alinihurumia habari ya magoti ya Amma, akasema mbona nasumbuka bure, Palani siku hizi kuna gari la kamba, linampakia mtu chini na kumshusha juu, dakika chache, wazee wote wanalipanda. Gari la kamba! Na mimi nilikuwa nimejitesa tangu Jumatatu, nakataa hata kufikiri jambo lolote jipya, nikidhani lazima nipate akili kabla magoti yake hayajaisha.

Nimekaa nikapiga hesabu kwa utulivu. Nikipata akili, sarafu inaingia katika sanduku la Murugan na haitaonekana tena milele. Nisipoipata, inabaki nyumbani. Na kosa langu lote lilikuwa matundu manne. Sivagami ana blauzi yenye vifungo vya shaba, vidogo, havina tundu hata moja. Maonyesho ya mwakani yanaangukia kabla ya Ijumaa ya pili, nimeshaangalia kalenda. Safari hii nitaiosha manjano kwanza, kanuni au si kanuni.

Amma hana tena sababu ya kuhofia magoti, wala mimi ya kuharakisha akili. Nimepumua.